Barabara hupimwaje?

Sisi hapa Auburn tu wazima, ila baridi ndiyo hiyo imeanza. Leo nawaletea historia kidogo, maana kila nikipiga simu Kenya nasikia kilio kilekile: mashimo barabarani.

Kaskazini mwa mtaa wetu inapita Parramatta Road, mojawapo ya barabara kongwe za Australia. Mwaka 1811 Gavana Macquarie aliifanya ya kulipia, mageti yakawekwa, na ada ikawa ya kuitunza. Enzi hizo kipimo kilikuwa mgongo wa abiria tu. Ukirushwarushwa, barabara mbovu!

Kipimo cha kisasa kina mizizi kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, maabara ya barabara ya Uingereza na Benki ya Dunia walifanya utafiti Kenya. Walikokota kitela cha gurudumu moja kilichohesabu mitikisiko, wakalinganisha na gharama za mabasi na malori: mafuta, tairi, vipuri. Hesabu zikathibitisha anachokijua kila dereva wa matatu, kwamba barabara mbovu humla mwenye gari.

Utafiti mwingine ukafuata Brazil. Mwaka 1982, mjini Brasília, vipimo vya nchi mbalimbali vililinganishwa, na humo kikazaliwa kipimo kimoja cha dunia, IRI. Huhesabu mita za mtikisiko kwa kila kilomita. Lami mpya laini huwa karibu na 2. Barabara ya udongo iliyoharibika huweza kupita 10. Huku Australia hutumia hichohicho, kwa magari yenye leza.

Lakini IRI haioni mtaro ulioziba. Maji yakikosa njia huingia kwenye nyufa, msingi hulainika, na shimo hufuata. Kwa hiyo mkaguzi mzuri huangalia nyufa na mitaro mapema.

Kwetu, pesa za matengenezo hukatwa kwenye mafuta kwa sheria ya 1993. Julai 2024 tozo hiyo ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwenye gari hulipa kituoni, kisha hulipa tena kwa fundi, na abiria humalizia kwenye nauli.

Basi mkutano wa barabara ukiitishwa kijijini, ulizeni: yetu ilipimwa lini, ikapata ngapi, na mitaro ilizibuliwa lini? Nchi iliyosaidia kuifundisha dunia kupima barabara haina sababu ya kukosa jibu.

Wasalimieni wazee wote. Wasalaam!