Nyeupe ya ukuta: historia ya unga mdogo na ya wale waliouvuta

Kila mara tukisema madini ya kwetu, tunasema betri, simu, nyaya za umeme. Rangi ya ukuta, hakuna anayeitaja. Mimi nilisoma kemia, na nikiingia kenkayeri nikaona mikebe ya rangi imepangwa, naona historia nzima iko pale: zinki, kobalti, chuma, titani, na wakati mwingine risasi. Leo tufungue ule mkebe pamoja. Hoja yangu ni hii: ndani ya rangi, jina la madini haliamui kila kitu, ukubwa wa chembe na wingi wake vinaamua pia. Na kwa miaka mingi, bei ya kutojua mambo hayo ililipwa na wale waliokuwa wanavuta vumbi: mafundi na watoto.

Mkebe wa rangi una vitu vitatu vikubwa. Kuna unga, ambao wenye elimu ya kemia wanauita pigimenti. Kuna gundi inayoushikilia. Na kuna maji au mafuta mepesi ya kuchanganyia, ambayo yanaruka hewani rangi ikikauka. Kinachobaki ukutani ni gundi na unga. Gundi inashika, lakini unga njo unafunika, unatoa rangi, na unakinga gundi juu ya jua.

Nyeupe ya risasi

Tangu zamani za Wagiriki na Waroma, nyeupe iliyosifiwa ilitengenezwa kwa risasi, yaani plombu. Waliweka vipande vya risasi karibu na siki, kisha wakakwangua unga mweupe. Ulikuwa unga mzuri kweli kwa kazi: ukichanganywa na mafuta ya kitani, risasi inashikana na mafuta na kutengeneza ngozi ngumu lakini yenye kunyumbulika, haipasuki haraka, inavumilia mvua.

Lakini ilikuwa inaua polepole. Ufaransa, maumivu makali ya tumbo yaliyowapata mafundi yalipewa jina la kazi yao wenyewe: ugonjwa wa tumbo wa wapaka rangi. Wengine mkono ulilegea, ukaning'inia kwenye kifundo, hawakuweza tena kushika burashi.

Mtu aliyejaribu kuvunja desturi hiyo hakuwa profesa. Edme-Jean Leclaire alikuwa fundi wa kupaka nyumba mjini Paris, akawa patroni. Miaka ya 1840 aliona wafanyakazi wake wanaumwa, akatafuta kitu cha kuweka mahali pa risasi. Akachukua oksidi ya zinki, akaitengeneza kwa wingi, akaiweka kwenye shantie zake. Ni yeye pia ambaye tangu 1842 aligawia wafanyakazi sehemu ya faida. Zinki ilikuwa na kasoro: ngozi yake ni ngumu mno, inapasuka ikizeeka. Lakini haikulegeza mkono wa mtu.

Je, dunia ilimfuata? Polepole sana. Mjini Brisbane, Australia, mganga wa macho J. Lockhart Gibson aliandika mwaka 1904 kwamba watoto waliopata sumu ya risasi waliipata kwenye rangi ya baraza za nyumba. Jua kali liligeuza rangi kuwa unga, mtoto anashika mbao, anaweka vidole mdomoni. Mwaka 1921, mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa ulipitisha Mkataba namba 13, unaokataza nyeupe ya risasi kwa kupaka ndani ya majengo, na ruhusa chache zikabaki. Marekani ilikataza rangi ya risasi kwa nyumba za watu mwaka 1978. Hesabuni wenyewe: toka 1904 mpaka 1978 ni miaka 74. Mtoto wa Brisbane angekuwa amekwisha kuwa babu.

Titani, na siri ya ukubwa

Karibu na 1916, Norway na Marekani zilianza kutoa kiwandani unga mpya: dioksidi ya titani. Njo nyeupe ya karibu kila ukuta leo. Juu ya nini ilishinda?

Angalieni ukuta wa chokaa wakati wa mvua. Mkavu, ni mweupe. Ukilowa, unafifia na kuonekana wa kijivu. Chokaa ni ileile. Kilichobadilika ni kile kinachozunguka chembe: kwanza hewa, sasa maji. Weupe unatoka pale mwanga unapopindwa na kurudishwa kati ya vitu viwili vinavyotofautiana. Tofauti ikipungua, mwanga unapita tu. Kipimo cha kupinda mwanga kwa mafuta ya kitani ni karibu 1.5, chokaa karibu 1.6, nyeupe ya risasi na ya zinki karibu 2, na titani ya aina ya rutile karibu 2.7. Kwa hiyo titani kidogo inafunika kuliko risasi mingi.

Lakini hapa ukubwa unaingia. Mwanga tunaouona una mawimbi ya nanometa 400 hadi 700, na nanometa moja ni sehemu ya milioni ya milimeta. Titani inafunika vizuri zaidi chembe zikiwa na nanometa 200 mpaka 300, karibu nusu ya wimbi. Sasa saga chembe hizo mpaka nanometa 20 au 30. Ni titani ileile, lakini weupe umepotea! Ngozi ya rangi inakuwa kama kioo; mwanga unapita, ila miale ya jua inayochoma, ile tusiyoiona, inazuiwa. Njo maana titani ndogo hivyo inatiwa kwenye vanishi ya mbao na mafuta ya kukinga ngozi na jua.

Titani ina tabia nyingine. Ikipigwa na ile miale, inachochea kemia juu ya uso wake: inakula gundi iliyo karibu. Ukipitisha mkono kwenye ukuta wa zamani ukatoka na unga mweupe, mara nyingi ni kazi ya jua na titani pamoja. Viwanda vikajibu kwa kuvika kila chembe koti jembamba la silika au alumina. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha nguvu ya kemia hiyo kwa kuitumia kupasua maji. Baadaye, kasoro ikageuzwa kuwa kazi: kanisa la Jubilee mjini Roma, la mwaka 2003, lilijengwa kwa saruji yenye titani ili jua lenyewe lisaidie kuondoa uchafu.

Wingi nao una mpaka

Mwaka 1949 Asbeck na Van Loo walionyesha kwamba kuna kiwango cha unga ambacho kikipitwa, gundi haitoshi tena kujaza nafasi kati ya chembe. Hewa inaingia, na tabia zote zinabadilika ghafla: ngozi inakosa kung'aa, maji yanapenya, kutu inaanza chini, ukuta unatoa vumbi. Fundi anayeongeza unga wa chokaa ili mkebe ufike mbali anavuka mpaka huo bila kuuona. Siku ya kwanza ukuta ni mweupe sana, hata kuliko rangi ya bei. Mvua mbili tatu zinasema ukweli.

Na sisi?

Katanga iko ndani ya hadithi hii. Kipushi, mgodi wa shaba na zinki uliofungwa 1993, ulianza tena kutoa zinki 2024; na zinki inakinga chuma hata leo. Kobalti ilitoa buluu ya Thénard mwaka 1802, na kidogo tu cha chumvi zake kinaharakisha rangi ya mafuta kukauka. Tunatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya migodi ya dunia, kisha mkebe unaturudia umefungwa na maandishi tusiyosoma.

Nanometa haziogopeshi zikiwa zimeshikwa ndani ya gundi. Hatari inakuja pale zinapokuwa vumbi: kiwandani, au siku fundi anakwangua ukuta mkavu bila kitambaa puani. Tangu 2006 shirika la utafiti wa kansa la IARC linaweka titani kati ya vitu vinavyoweza kuleta kansa, na swali kubwa ni ile inayovutwa. Kwa risasi hakuna swali tena: OMS inasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama katika damu, na kiwango kinachopendekezwa kwa sheria za rangi ni chembe 90 kwa milioni.

Kwa hiyo wandugu, tusomeni mkebe. Ulizeni kama una risasi. Ukuta wa zamani uloweshwe kabla ya kukwanguliwa, na watoto watolewe kando. Finaliste wa kemia anayetafuta somo la memwari, hili hapa: kupima risasi katika rangi zinazouzwa sokoni kwetu. Leclaire hakuwa na labo kubwa. Aliangalia mikono ya wafanyakazi wake, akakataa kuzoea.

Nani kati yetu alishafanya kazi ya rangi kwenye shantie? Tuandikieni huku chini vile mlivyoona.