Sindano, Ukindu na Sala Katika Nyumba Zetu

Ndugu wana-Kisaki, mlio nyumbani na mlio mbali,

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na baadaye kazi yao ikafika milima ya Uluguru. Misheni, watoto walifundishwa sala, kusoma na kazi za mikono, ushonaji ukiwemo. Kusuka hakukuletwa na mgeni. Mama zetu, Waislamu kwa Wakristo, walijua ukindu, ukili na mkeka tangu zamani.

Ujuzi huo ulituokoa wakati wa dhiki. Baada ya Vita vya Kagera, 1978–1979, nguo ziliadimika nchini, khanga ikapangiwa foleni. Reli ya TAZARA ilipita kwetu, lakini treni haileti kisichokuwapo. Mpaka biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, tulishona vilevile tulivyokuwa navyo. Kola ya shati la baba iligeuzwa. Likichakaa, likakatwa kuwa la mtoto. Kipande cha mwisho kikawa kiraka. Waliosikia kanisani habari za Dorkasi, aliyewatengenezea wajane wa Yafa nguo, walimwona kama jirani yao.

Leo mtumba umejaa gulioni, na vijana wetu wengi hawajui kutia kiraka wala kusuka ukili. Wanaojua wamezeeka. Kwa hiyo mchango wa mwaka huu tunauomba kwa vyerehani, uzi na posho ya wazee hao, wafundishe wangali nasi. Karibuni tuchangie.