Fahamu jinsi mwili unavyoboresha kingamwili dhidi ya malaria

Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, lina historia ndefu ya utafiti wa malaria. Maabara iliyoanzishwa Ifakara mwaka 1957 na Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara. Katika kijiji cha Idete, watoto 586 wenye umri wa mwaka 1 hadi 5 walishiriki jaribio la chanjo ya SPf66. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionesha ufanisi wa asilimia 31.

Chanjo nyingi hutegemea kingamwili, yaani protini zinazotambua na kuzuia vimelea. Kingamwili hutokana na seli B. Seli hizo zinapokutana na kimelea, hupokea ishara kutoka kwa seli T ndani ya tezi za limfu na bandama. Ishara hizo huamsha protini iitwayo AID, iliyoelezwa mwaka 1999 na kundi la Profesa Tasuku Honjo nchini Japani. AID hubadili herufi moja ya vinasaba, C, kuwa U, katika jeni za kingamwili.

Kwa kawaida, protini za ukarabati kama UNG huondoa kosa hilo na vinasaba hurudi kama vilivyokuwa. Katika seli B zilizopokea ishara, ukarabati huo mara nyingi huacha mabadiliko. Seli ambazo kingamwili zake hushika kimelea vyema zaidi huendelea kuishi, nyingine hufa.

Ili kazi hiyo iwezekane, protini BCL6 hupunguza kwa muda p53, protini inayosimamisha au kuua seli yenye vinasaba vilivyoharibika. Baadaye, ishara zinazopitia kipokezi cha CD40 husaidia kushusha BCL6, na ulinzi hurejea.

Muda huo wa ulinzi hafifu una hatari. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mjini Kampala, Uganda, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto, ambao sasa hujulikana kama saratani ya Burkitt. Saratani hiyo huonekana zaidi penye malaria nyingi, na kirusi cha Epstein-Barr huchangia. Malaria ya mara kwa mara huzifanya seli B zitumie AID kwa muda mrefu, nayo huweza kusababisha vinasaba kukatika pasipostahili, ikiwemo karibu na jeni ya MYC inayochochea ukuaji wa seli.

Hivyo, kumkinga mtoto na malaria ni kulinda pia vinasaba vya seli zake za kinga. Wananchi wanakumbushwa kutumia vyandarua vyenye dawa, kupima homa mapema, na kumfikisha kituo cha afya bila kuchelewa mtoto mwenye uvimbe wa taya au tumbo unaokua haraka.