Profesa wa Bowery na mlango uliofungwa



Sie tuliokulia mjini miaka ya sabiini na themanini tuliijua kung fu senema, wala hatukuijua kwengine. Bruce Lee alifariki mwaka 1973, lakini kwetu alikuwa bado anaishi, maana filamu zake ziliendelea kuonyeshwa miaka na miaka, na watoto wakitoka nje hurushiana mateke mpaka nyumbani. Ndiyo maana nilipokuja huku ughaibuni, nikamwona bibi wa Kimarekani wa miaka sabiini na kitu anajinyoosha chini ya mti polepole kama mtu atembeaye ndani ya maji, haikunipitikia kwamba yeye na Bruce Lee ni wa ukoo mmoja. Kumbe ndivyo. Kung fu kwa Kichina ni ustadi wowote unaopatikana kwa muda na kwa jasho, hata mpishi huwa na kung fu yake. Na tai chi kwa jina lake kamili ni taijiquan, na hilo quan la mwisho maana yake ni ngumi. Yule bibi alikuwa anapigana, ila hakuwa na haraka.

Nilimuuliza nani kamfundisha. Akanitajia mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, mpaka akafika kwa mtu aliyemwita "Profesa" tu, kama kwamba duniani hakuna profesa mwengine. (Mie niliye profesa kwa mshahara nikanyamaza.) Nikasema moyoni, huyu ana silsila! Nikenda maktaba kumtafuta huyo Profesa, na kisa chake nimekileta hapa kwa sababu nahisi kinatuhusu.

Jina lake ni Zheng Manqing, ingawa New York likiandikwa Cheng Man-ch'ing kwa tahajia ya zamani. Alizaliwa mwaka 1902 Yongjia, karibu na Wenzhou, jimbo la Zhejiang. Kwa masimulizi yake mwenyewe, utotoni aliangukiwa na tofali kichwani akapoteza fahamu, na alipopata nafuu akapelekwa kwa mchoraji kusaga wino. Huko kusaga wino ndiko kulikomfungulia njia. Alikuwa bado kijana alipoanza kusomesha mashairi Beijing, kisha akahamia Shanghai kusomesha uchoraji wa Kichina. Akasomea pia tiba ya kienyeji. Wachina humwita bwana wa fani tano: kuchora, kuandika khati, kutunga mashairi, kutibu, na taijiquan. Tazameni hiyo taijiquan inakuja mwisho. Hakuwa mtoto wa ukoo wa mabondia. Aliingia kwa sababu ya kifua kikuu. Alikuwa anakohoa damu, akaambiwa ajaribu mazoezi, akapona, akaacha, ugonjwa ukarudi, akayarudia na asiyaache tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akafika kwa Yang Chengfu, aliyekuwa mwalimu mkubwa wa taijiquan wakati huo. Hapa nakuombeni tusimame kidogo, maana baadaye jambo hili litatufaa. Babu yake Yang Chengfu, Yang Luchan (1799–1872), hakuzaliwa ndani ya hii elimu. Taijiquan ilikuwa mali ya ukoo wa Chen katika kijiji chao huko Henan. Yang alikuwa mtu wa nje, na hadithi maarufu inasema alijifunza kwanza kwa kuchungulia usiku wakati wenyewe wanafanya mazoezi uani. Kama kachungulia kweli au hakuchungulia, Mungu ndiye ajuaye, lakini kwamba mtu baki alipewa siri ya ukoo, hilo halina ubishi. Kisha akaipeleka Beijing akawafundisha wakubwa wa Kimanchu. Yaani mtindo wa Yang, ambao leo ndio unaofanywa na watu wengi kupita yote, ulianza siku mlango ulipofunguliwa kwa mgeni.

Yang Chengfu hakuwa mtu wa kalamu. Kitabu chake cha mwaka 1934 kilitengenezwa kwa msaada wa Zheng, na dibaji iliandikwa na Zheng. Miaka miwili baadaye, 1936, Yang akafariki. Mwaka 1937 Wajapani wakaingia kwa vita kamili, na Zheng akajikuta Hunan anasimamia mafunzo ya mapigano ya jimbo zima. Sasa utamfundishaje taijiquan mtu ambaye baada ya muda mfupi anaondoka? Mfululizo wa Yang unahesabiwa mikao mia na kitu, na kuumaliza mara moja kwa utulivu ni dakika ishirini na zaidi. Zheng akaona mikao mingi inajirudia. Akaondoa marudio, akabakisha 37, na mtu akaweza kumaliza kwa chini ya dakika kumi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza, na hayajesha mpaka leo. Wapo katika wafuasi wa Yang wasemao kwamba hii si Yang tena, kwamba Profesa aliukata mti akaondoka na tawi. Wanaonyesha na kiganja: Yang alikunja kifundo cha mkono akaisimamisha vidole, Zheng akakiacha kifundo kimelegea kimenyooka, akakiita mkono wa mwanamke mzuri. Nimesoma hoja za pande zote mbili, na nnavyoona mie wakosoaji wana haki katika jambo moja: yale marudio hayakuwa bure, ndiyo yaliyokuwa yakimjenga mtu miguu. Lakini wanasahau kwamba kukata hakukufanywa na Zheng peke yake. Mwaka 1956 serikali ya Beijing, ambayo Zheng aliikimbia, ilitoa mfululizo wake mfupi wa mikao 24 kwa ajili ya wananchi. Mahasimu wawili wa kisiasa, kila mmoja na mkasi wake, na sababu ni ile ile, watu hawana wakati.

Mwaka 1949 alihamia Taiwan pamoja na serikali iliyoshindwa. Mwaka 1950 kikatoka kitabu chake cha risala kumi na tatu juu ya taijiquan, na akafungua skuli Taipei aliyoiita Shizhong, maneno yaliyochukuliwa katika mafunzo ya Confucius, yenye maana ya kushika wastani kwa wakati wake. Wanafunzi wakaja ambao tayari walikuwa walimu. Mmoja alikuwa Huang Xingxian wa Fujian, bingwa wa kung fu ya korongo mweupe, mtu aliyekwisha kuwa na jina. Akakubali kuanza alifu. Baadaye, 1956, Huang akaenda Singapore na kisha Malaysia, akafungua skuli nyingi huko, na mwaka 1970 akiwa na miaka 60 akasimama Kuching na mpiga mieleka wa kulipwa aitwaye Liao Kuang-cheng, akamwangusha mara 26 yeye asianguke hata mara moja. Nawatajia haya kwa wale wanaodhani tai chi ni mazoezi ya wastaafu tu.

Siri yenyewe, kama ni siri, iko katika zoezi la watu wawili, la kusukumana mikono. Mnasimama mnagusana, kila mmoja anatafuta kumtoa mwenzake mahali pake. Mwenye misuli hushinda mwanzo. Zheng alikuwa akiwaambia wanafunzi wasishindane na nguvu kwa nguvu, wakubali kusukumwa, wakubali kupata hasara mwaka baada ya mwaka, kwani hiyo hasara ndiyo mtaji wao. Mtu akishaacha kuogopa kuanguka, mwili wake hulegea, na mwili uliolegea hausukumiki, kwani hakuna cha kukishika. Kusema ni rahisi. Mie nimejaribu, na kila nikiguswa bega hupanda juu lenyewe.

Sasa New York. Alifika Marekani katikati ya miaka ya 1960, akiwa amekwisha kupita sitini, pamoja na familia yake. Akaanza kusomesha Canal Street, mtaa wa Wachina, chini ya jumuiya ya taijiquan ya Wachina wenyewe. Ndipo wakaanza kuja vijana wa Kimarekani, wenye nywele ndefu na ndevu, wakati wa vita vya Vietnam, miguu mitupu wengine. Profesa akawapokea. Wazee wa jumuiya hawakupenda. Wanafunzi wake wanasimulia kwamba safari moja alipokuwa Taiwan, wale wageni walikuta mlango umefungwa, hawatakiwi tena. Wakakodi mahali kwengine, ghorofani, nambari 87 Bowery, na Profesa aliporudi akaenda kwa waliofungiwa. Hapo akafundisha taijiquan, na khati, na Confucius, na Laozi, huku Ed Young, mchoraji wa vitabu vya watoto mwenye asili ya Tianjin, akimfasiria. Kiingereza chenyewe hakukijua cha kutosha kusomeshea, na hakujisumbua. Alipenda pia mvinyo, na wanafunzi wake hawakulificha hilo.

Ni rahisi kuwacheka wale wazee wa Canal Street. Mie siwacheki. Marekani ilipitisha mwaka 1882 sheria ya kuwazuia wafanyakazi wa Kichina wasiingie nchini, na sheria hiyo haikufutwa ila mwaka 1943, na hata hapo wakafunguliwa nafasi 105 tu kwa mwaka mpaka sheria ya uhamiaji ilipobadilishwa 1965. Mtu aliyefungiwa mlango wa nchi nzima kwa zaidi ya miaka sitini, akajenga chumba kimoja chake, leo anaambiwa amfungulie mjukuu wa aliyemfungia. Ukiyatazama kwa upande huo, komeo lao lina maana.

Na jambo hili limenigusa mwenyewe. Kazi yangu ni kusomesha Kiswahili kwa wasiokuwa Waswahili. Miaka kadhaa nyuma, kwenye harusi ya watu wetu katika mji fulani wa huku, mzee mmoja ninayemheshimu aliniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, hivi unawauzia nini hao? Misamiati ya mama zetu, mashairi ya babu zetu, wakishayajua watarudi kutufundisha sie." Watu wakacheka. Mie nilicheka pia, lakini usiku sikulala. Kwani hakusema uongo. Tumekwisha kuwaona wanaotusahihisha Kiswahili chetu. Na mie mwenyewe nami nimekata: sarufi nzima naitia katika mihula minne, ngeli nazibana, lahaja naziruka, Kimvita na Kiamu nikiwagusia dakika tano siku ya mwisho. Mikao yangu 37.

Lakini hebu tazameni nani alikuwa ndani na nani alikuwa nje. Yang Luchan alikuwa nje ya ukoo wa Chen. Zheng alikuwa nje ya ukoo wa Yang. Huang alitoka fani nyengine kabisa. Na watoto wa wale wazee wa mtaani, kama watoto wetu huku, wengi walikuwa na mambo mengine ya kufanya. Mzee wangu wa harusini ana wajukuu saba, na kwa masikio yangu hakuna hata mmoja aliyemjibu kwa Kiswahili usiku ule.

Mwaka 1967 Zheng na Robert W. Smith, Mmarekani aliyesoma kwake Taiwan alipokuwa huko na kazi za ujasusi, walitoa kitabu cha Kiingereza juu ya tai chi kwa afya, michezo na kujihami. Wasomaji wengi walichukua ile afya wakaacha yaliyobaki, na hasara hiyo ni ya kweli. Mwaka 1974 Profesa akarudi Taiwan kumaliza sherehe yake ya kitabu cha kale cha mabadiliko, Yijing. Akafariki huko Machi 1975. Wanafunzi wa New York wakagawanyika, kila mmoja na skuli yake na hakika yake kwamba ndiye aliyemwelewa, jambo ambalo kwetu sie wenye silsila si geni. Ben Lo, mwanafunzi wake wa mwanzo Taiwan, alisomesha San Francisco tangu 1974 na akafariki 2018. Disemba 2020 UNESCO ikaiandika taijiquan katika orodha ya urithi wa binadamu kwa ombi la China, na katika jumla ya mitindo iliyotajwa kuna Chen na Yang.

Yule bibi wa chini ya mti nilirudi kwake, na sasa ni mwaka wa tatu. Wiki iliyopita alinishika kifundo cha mkono wa kulia, akautikisa kidogo, akasema umekauka kama wa mtu anayeshika kalamu mchana kutwa. Tukaanza tena mkao wa kwanza.