Uzito wa Safari: Historia ya Vifaa vya Gari-nyumba

Mwaka 1885 kiwanda cha Bristol Wagon & Carriage Works cha Uingereza kilimuundia daktari mstaafu wa jeshi la majini, William Gordon Stables, nyumba ya magurudumu ya kuzururia kwa starehe. Mwenyewe aliiita The Wanderer. Uzito wake ulikaribia tani 2, ikavutwa na farasi wawili, na ndani palikuwa na kabati la vitabu. Dereva wa farasi alikuwepo, na mtumishi pia, ambaye alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuwaonya waliokuwa wakija barabarani. Wakati huo hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza sufuria ina uzito gani. Farasi ndio waliovuta mzigo wote.

Swali la uzito lilizuka pale msafiri alipoanza kujibebea. Thomas Hiram Holding, fundi cherehani wa London, alisafiri kwa baiskeli akiwa na hema na chombo cha kupikia. Mwaka 1901 alishiriki kuanzisha chama cha wapiga kambi wa baiskeli, na mwaka 1908 akachapisha kitabu cha mwongozo wao. Alipenda mahema mepesi ya hariri, na si ajabu: fundi cherehani huanza kwa kupima kitambaa.

Lakini kifaa kilichobadilisha mambo kuliko vyote kilikuwa jiko. Mwaka 1892 Frans Wilhelm Lindqvist wa Stockholm alitengeneza jiko la pampu la mafuta ya taa, lililopata kujulikana kwa jina la Primus. Lilikuwa na tangi dogo la shaba. Mpishi alimimina spiriti kidogo kwenye kikombe kilichozunguka shingo ya jiko, akaiwasha ili kichwa kipate moto, kisha akasukuma pampu. Mafuta yalipanda hadi kwenye kile kichwa cha moto, yakageuka mvuke, yakachomoza kwenye kitundu chembamba mno na kuwaka kwa mwali wa buluu. Tambi haikuwepo, kwa hiyo masizi hayakuwepo. Mvuvi wa dagaa aliyewahi kuwasha karabai anaijua kazi hiyo pamoja na udhia wake, maana kitundu kikiziba sharti kizibuliwe kwa sindano. Mwaka 1893 mpelelezi wa Norway, Fridtjof Nansen, alilichukua jiko hilo katika safari yake ya kuelekea Ncha ya Kaskazini.

Vyombo navyo vilipungua uzito. Mwaka 1886 Charles Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa waligundua, kila mmoja kivyake, namna ya kupata alumini kwa umeme, na madini yaliyokuwa ya anasa yakashuka bei hadi kufika jikoni. Sufuria za kawaida za Afrika Mashariki, zisizo na mikono na zinazoingiana moja ndani ya nyingine, zinatimiza hasa kile ambacho maduka ya vifaa vya kambi huuza kwa bei kubwa zaidi.

Gari-nyumba dogo lenyewe lilipata umbo lake nchini Ujerumani. Volkswagen ilianza kuunda basi dogo, maarufu kama Kombi, mwaka 1950. Injini yake ilikuwa na nguvu ya farasi 25 tu, hivyo kila kilo iliyoongezwa ilihisiwa mlimani. Kampuni ya Westfalia ilileta suluhisho lililofaa mfuko na injini pia: kisanduku chenye makabati madogo na viti vinavyogeuka kitanda, ambacho kingeweza kutolewa chote. Gari lililobeba bidhaa Ijumaa lililaza familia Jumamosi. Aliyekosa fedha za kununua magari mawili alinunua moja na kisanduku.

Gesi ya mitungi midogo ilienea baada ya hapo, hasa kupitia Camping Gaz ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1949. Ubaridi ulichelewa, na kwa miaka mingi sanduku la barafu lilitosha. Friji isiyo na mota, iliyobuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, hufanya kazi kwa moto wa gesi au wa mafuta ya taa. Zahanati nyingi za vijijini zilitunzia chanjo katika friji za namna hiyo. Kasoro yake ndani ya gari ni kwamba likiegeshwa mahali penye mteremko, ubaridi hupungua.

Kombi ya mwisho ilitoka kiwandani Brazil mwezi Desemba 2013, baada ya sheria mpya kudai mifuko ya hewa na breki za kisasa ambazo gari hilo la kizamani halikuweza kufungwa. Visanduku havikutoweka nayo: huko Ujerumani bado vinauzwa, vya kutiwa nyuma ya gari la kawaida la familia.