Mwindaji wa Kulungu na Risasi Aliyoijaza Mwenyewe

Kila msimu wa vuli mamilioni ya Wamarekani huingia misituni kuwinda kulungu. Maduka yao yamejaa risasi zilizotengenezwa viwandani, za kila aina na kila bei. Hata hivyo, wengi miongoni mwao huwinda kwa risasi walizozijaza wenyewe nyumbani, juu ya meza, kwa mashine ndogo ya kusukumwa kwa mkono. Kwa nini mtu ajipe kazi ambayo kiwanda kimekwisha kumfanyia? Jibu halipatikani dukani. Linapatikana katika historia ya miaka zaidi ya 200, ambamo mwindaji alikuwa fundi wa risasi zake, akaupoteza ufundi huo, kisha akaurudia.

Kwanza msomaji ajue viungo vya risasi moja ya kisasa. Ganda la shaba ya njano hushika vitu vyote pamoja. Fataki iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda hutoa cheche inapogongwa, baruti huungua na kutoa gesi, na kichwa husukumwa na gesi hiyo kupitia mtutuni hadi kwa mnyama. Anayejaza kwa mkono hulichukua ganda lililokwisha kutumika, huing'oa fataki iliyokufa, na hulibana ganda lirudi kwenye kipimo chake. Kisha hutia fataki mpya, baruti aliyoipima kwa mizani, na kichwa alichokichagua.

Katika karne ya 18 viungo hivi havikuwa vimeunganishwa. Mwindaji wa Pennsylvania alibeba bunduki ndefu ya kushindiliwa kwa mdomo, kama gobore linavyoshindiliwa, ingawa ndani ya mtutu wake mlichongwa mifuo ya kuizungusha risasi ili iende ikiwa imenyooka. Kwa kuwa kila fundi alitoboa mtutu kwa kipimo chake, bunduki iliuzwa pamoja na kalibu yake. Mwenye nayo aliyeyusha madini ya risasi motoni na kujimiminia vidonge vinavyoufaa mtutu wake peke yake. Baruti aliipima kwa kipimo cha pembe, akaongeza au kupunguza hadi apate kiasi ambacho bunduki yake ilikipenda. Kuchagua risasi, basi, hakukuwa ujuzi wa ziada. Asiyeujua hakuwinda.

Mabadiliko yalianza na moto. Mwaka 1807 kasisi wa Uskoti, Alexander Forsyth, alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka inapogongwa, na kutokana na wazo hilo ikatokea fataki. Fataki ilipopatikana, iliwezekana kuifungia pamoja na baruti na kichwa ndani ya ganda moja la shaba. Bunduki ya Henry ya mwaka 1860 ilitumia risasi za namna hiyo, nayo iliweza kufyatua mara nyingi mfululizo. Lakini kemikali ya kuwashia ilipakwa ndani ya ukingo wa ganda, na nyundo ya bunduki iliuponda ukingo huo ili kuilipua. Ganda likiisha kupigwa, halikufaa tena. Kwa mara ya kwanza mwindaji akawa mtu wa kungoja kiwanda.

Mlango wa kujijazia risasi ulifunguliwa upya mwaka 1866 na watu wawili, kila mmoja akifanya kazi kivyake. Nchini Uingereza, Edward Boxer alibuni fataki inayokaa katikati ya kitako cha ganda, ikiwa na fuawe yake ndogo ndani yake, ya kupondea kemikali, huku cheche ikipita katika tundu moja la katikati. Nchini Marekani, Hiram Berdan alibuni fataki isiyo na fuawe. Fuawe ilikuwa sehemu ya ganda lenyewe, na cheche ilipita katika matundu madogo ya pembeni. Ajabu ya historia ni kwamba fataki ya Mwingereza ndiyo iliyotawala Marekani, na ya Mmarekani ikaenea Ulaya. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa. Ganda lenye tundu moja la katikati husafishwa kwa pini nyembamba inayoisukuma fataki nje kwa pigo moja. Ganda lenye matundu ya pembeni humsumbua sana mtu anayetaka kulitumia tena. Ndiyo maana ujazaji wa nyumbani ulipata ardhi yenye rutuba Marekani kuliko katika nchi nyingi za Ulaya.

Rutuba hiyo ilionekana mapema. Mwaka 1873 kampuni ya Winchester ilitoa bunduki yake mashuhuri ya kukokiwa kwa wenzo, yenye risasi ya fataki ya katikati, na kampuni hiyo hiyo iliuza vyombo vya mkono vya kuijaza upya. Wawindaji wa nyati wa nyanda za magharibi, waliokuwa mbali na reli na maduka, walijaza risasi zao kambini usiku ili wazitumie asubuhi. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal mjini New Haven, Connecticut, akauza vyombo na kalibu pamoja na vitabu vya maelekezo. Sababu katika hatua hii ziko wazi, nazo ni umbali na bei. Ganda ndilo kiungo ghali kuliko vyote, na mwenye kulitunza aliweza kulitumia mara nyingi.

Mwaka huo huo wa 1884, mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na mambo yakageuka. Mwaka 1895 Winchester walianza kuuza risasi ya .30-30 kwa ajili ya bunduki iliyobuniwa na John Browning, ile ya mfano wa 1894. Risasi hiyo ndogo, yenye kasi kubwa kuliko za zamani, ikawa rafiki mkuu wa mwindaji wa kulungu. Lakini kasi hiyo ilidai malipo. Kichwa cha madini laini ya risasi hakikustahimili, ikabidi kivikwe koti la madini magumu zaidi, kazi ambayo chungu cha kuyeyushia hakikuiweza. Baruti nyeusi ya zamani ilikuwa na huruma, maana ganda lilijaa kabla mtu hajakosea sana. Baruti mpya ilikuwa ya aina nyingi, na kila aina ilikuwa na mwendo wake wa kuungua, kama makuti makavu yanavyotofautiana na gogo. Aliyeweka ya haraka kwa kipimo cha ile ya polepole aliweza kuipasua bunduki na kujiua. Zaidi ya hayo, zebaki iliyokuwamo katika fataki nyingi za wakati ule iliyafanya maganda yawe mepesi kuvunjika, na chumvi za fataki zikaiozesha mitutu kwa kutu.

Mtu anaweza kudhani kwamba viwanda ndivyo vilivyoua ufundi wa nyumbani ili viuze zaidi. Ni kweli kwamba vilifaidika. Hata hivyo, sababu ya kiufundi ina nguvu zaidi, kwa kuwa viungo vipya vilihitaji maarifa na vifaa ambavyo mwindaji wa kawaida hakuwa navyo. Ufundi ulibaki mikononi mwa walengaji wa mashindano na wachache wenye subira.

Wakati huo huo kulungu wenyewe walikuwa wakitoweka. Uwindaji wa kuuza nyama na ngozi, usio na mipaka, uliwapunguza kulungu wa mkia mweupe hadi kufikia mwaka 1900 wakakadiriwa kuwa wasiozidi 500,000. Sheria ya Lacey ya mwaka huo ilizuia biashara ya wanyama waliowindwa kinyume cha sheria kuvuka mipaka ya majimbo, nayo majimbo yakaweka misimu na idadi ya kuwinda. Mwaka 1937 sheria ya Pittman-Robertson ilielekeza kodi ya bunduki na risasi, ambayo leo ni asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, katika kuhifadhi wanyamapori. Kulungu wakarudi, na leo wanahesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Bila kurudi huko, uamsho wa ufundi tunaouelezea usingekuwa na watu wa kuufuata.

Uamsho ulikuja katika miaka ya 1940, baada ya vikwazo vya awali kuondolewa kimoja kimoja. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Remington ilikuwa imetoa fataki isiyoleta kutu. Mwaka 1937 Philip Sharpe alichapisha kitabu kikubwa cha mwongozo wa ujazaji. Vita ya Pili ya Dunia ilipofanya risasi za kiraia ziadimike, mafundi wadogo walijaribu njia zao: Vernon Speer alianza kutengeneza vichwa mjini Lewiston, Idaho, na Fred Huntington wa Oroville, California, akatengeneza vyombo vya kugeuza maganda ya risasi ndogo za .22 yawe makoti ya vichwa. Vita ilipokwisha, jeshi lilikuwa na shehena kubwa ya baruti lisiyoihitaji; Bruce Hodgdon wa Kansas akainunua na kuiuza rejareja kwa bei nafuu. Mwaka 1949 Joyce Hornady alianzisha kazi ya vichwa mjini Grand Island, Nebraska. Sasa mtu wa kawaida aliweza kununua kila kiungo peke yake kwa urahisi.

Hapa wapo wanaosema kwamba ujazaji ulienea kwa sababu ya bei, na wapo wanaosema ni kwa sababu ya usahihi wa shabaha. Bei ilikuwa na nguvu, hasa kwa mtu anayefanya mazoezi mengi. Lakini mwindaji wa kulungu hupiga risasi chache sana kwa msimu, na akiba yake haiwezi kulipia mashine haraka. Usahihi nao ni kweli, maana aliyejaza mwenyewe aliweza kutafuta kiasi cha baruti kinachoupendeza mtutu wake. Lakini sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ina upana wa kama sentimita 20, na bunduki ya kawaida yenye risasi ya kawaida huipata bila shida katika umbali wa mita 100. Sababu hizi mbili zinaeleza kwa nini watu walianza. Hazielezi vizuri kwa nini waliendelea.

Sababu ya tatu ni kichwa cha risasi. Mwaka 1946, huko British Columbia nchini Kanada, John Nosler alimpiga moose, mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu, na vichwa vya risasi zake vikapasuka karibu na ngozi bila kufika ndani. Aliporudi alibuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele hufunguka na kupanuka, na ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kupenya. Kiliitwa Partition. Kwa miaka mingi waliokitaka kichwa hicho iliwabidi wajaze wenyewe, kwa kuwa viwanda vikubwa vilitumia vichwa vyao. Ni mwaka 1977 tu ambapo kampuni ya Federal ilianza kuuza risasi za kiwandani zenye vichwa vya watengenezaji kama Nosler na kampuni ya Sierra.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, mlinganishe kulungu na ndovu. Mwindaji W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliwaua ndovu wengi kwa bunduki ndogo ya kipenyo cha milimita 7, akitumia vichwa vigumu visivyofunguka, kwa sababu alihitaji kupenya fuvu. Kichwa hicho hicho kingeweza kumpenya kulungu bila kufunguka, na kumwacha akimbie mbali na kufa kwa mateso. Kulungu anahitaji kichwa kinachofunguka, ila kisifunguke mapema mno. Kichwa chenye koti jembamba, kikipigwa kwa kasi kubwa kutoka karibu, hupasuka juu juu. Chenye koti nene, kikifika polepole kutoka mbali, hukataa kufunguka. Kwa hiyo mwenye bunduki ya risasi ya .30-06 huchagua kati ya vichwa vya greni 150, 165 na 180, yaani kama gramu 9.7 hadi 11.7, kwa kutazama umbali na ukubwa wa mnyama. Mwenye .30-30 ana sharti jingine: risasi hupangwa ncha kwa kitako ndani ya bomba chini ya mtutu, na ncha kali ngumu inaweza kuigonga fataki ya mbele yake. Vichwa vyake vya asili, basi, ni butu.

Katika miongo ya karibuni swali la kichwa limechukua sura mpya. Vipande vya madini ya risasi hubaki katika matumbo yanayoachwa porini, na ndege walao mizoga huvila; tumbusi wakubwa wa California, waliokwisha kukaribia kutoweka, wameathirika sana kwa sumu hiyo. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2013, na kuanzia Julai 2019 madini hayo hayaruhusiwi katika uwindaji wote humo. Vichwa vya shaba tupu, vilivyofungua njia mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia kampuni ya Barnes, ndivyo vilivyochukua nafasi yake. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha uzito ule ule huwa kirefu zaidi, na wajazaji wengi huteremka hadi uzito mdogo na kuanza upya kutafuta kipimo cha baruti.

Hukumu ya historia hii, kwa maoni yangu, ni kwamba bei iliwavuta watu, usahihi ukawafurahisha, na kichwa cha risasi ndicho kilichowapa sababu ya kweli ya kubaki. Anayejaza risasi ya kulungu na aanze kwa kuchagua kichwa kinachomfaa mnyama na umbali. Baruti na kiasi chake aviamue baadaye, kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji na kuanzia kipimo cha chini. Mnyama anayewindwa anastahili kufa haraka, na wajibu huo ni wa mwindaji, awe ameijaza risasi mwenyewe au ameinunua dukani.