Santuri ya Misa ya Kamina

Kuhukumu ni kazi ngumu, na kuhukumu wimbo ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa wimbo hupita kama upepo, na mwimbaji akinyamaza hakuna kinachobaki ila kumbukumbu za waliomsikia. Ndiyo sababu watu walifurahi sana ilipovumbuliwa santuri. Sauti iliyokuwa ikipotea ilinaswa, ikatiwa katika sahani, na mtu aliyezaliwa miaka mingi baadaye akaweza kuisikia kana kwamba alikuwapo. Walakini kila faida ina hasara yake. Sauti iliyonaswa huweza kugeuka kuwa sheria, na waimbaji wajao nyuma wakapimwa kwayo kama kitambaa kipimwavyo kwa futi. Mimi nilipata kulitenda kosa hilo, na insha hii ni malipo yake.

Katika chuo cha ualimu ninachofundisha historia, hapa Eldoret, wanafunzi hushindana kwa nyimbo. Mwaka mmoja niliwekwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu. Kikundi kimoja kiliimba Sanctus ya Missa Luba, ambayo niliijua tangu utoto wangu, maana baba yangu alikuwa na santuri yake ya mwaka 1958. Wanafunzi walianza vema. Lakini walipofika Hosanna ngoma zao zilifuata mwendo wa kwao, na kiongozi akatia madaha yasiyokuwamo katika santuri. Niliwapunguzia alama tano. Mashindano yalipokwisha, mwanafunzi mmoja alinijia kwa adabu akaniuliza, "Samahani, Mwalimu. Umesema hatukuimba kama wale wa kwanza. Je, wale wa kwanza walikuwa wakimwiga nani?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia anipe muda, nikaenda kutafuta.

Basi na tuanze penye chanzo. Kamina ni mji wa Katanga, kusini ya Kongo, katika nchi ya Waluba, mahali ambapo Kiluba na Kiswahili husikika sokoni pamoja. Njia za reli hukutana hapo, na wakati wa ukoloni Wabelgiji walijenga kambi kubwa ya kijeshi karibu yake. Mwezi Septemba 1953 alifika huko Padre Guido Haazen, Mfransisko aliyezaliwa Antwerp mwaka 1921, akawa mkuu wa shule. Mwaka uliofuata aliunda kwaya ya wavulana yapata 45, wa umri wa miaka 9 hata 14, pamoja na walimu wao 15. Kwaya ikapewa jina la Mfalme Baudouin wa Ubelgiji: Les Troubadours du Roi Baudouin. Kiongozi wa sauti alikuwa Joachim Ngoi, mwalimu wa shule hiyohiyo.

Mwaka 1957 misa ilianza kutungwa. Haikutungwa mezani kwa kalamu. Ilizaliwa katika mazoezi, waimbaji wakichukua namna za nyimbo walizozijua kwao na kuzivika maneno ya Kilatini. Kyrie ilifuata namna ya kasala, wimbo wa Waluba wa kuomboleza, ambao sisi katika Kiswahili tungeuita mbolezi. Sanctus ilifuata namna ya wimbo wa kuagana, na Hosanna yake ikachukua mwendo wa ngoma ya Kasai. Sehemu fulani zilikubaliwa tangu mwanzo. Nyingine ziliachwa wazi, kiongozi na waitikiaji wazijaze kwa wakati wake. Tarehe 23 Machi 1958 misa hiyo iliimbwa kwa mara ya kwanza katika ibada, katika misheni ya Kamina.

Hapa msomaji atauliza, kwa nini Kilatini? Jibu ni la historia. Katika siku zile Kanisa Katoliki lilifanya ibada ya misa kwa Kilatini duniani kote. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujakutana, na tamko lake lililofungua mlango kwa lugha za watu na muziki wa asili yao halikutolewa mpaka tarehe 4 Desemba 1963. Kwa hiyo Mluba wa mwaka 1958 hakuwa na ruhusa ya kuleta maneno yake mbele ya altare. Alileta alichoweza, yaani sauti, kiitikio na ngoma. Maneno yalikuwa ya Roma, bali kilio kilikuwa cha Kamina. Mtu asiyejua jambo hili hawezi kuihukumu santuri kwa haki, maana ataona ajabu mahali palipokuwa na mapatano.

Miezi michache baada ya ibada ile ya kwanza, kwaya ilisafiri kwenda Ulaya. Iliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na katika safari hiyo santuri mashuhuri ya kampuni ya Philips ikatengenezwa. Miongoni mwa mahali walipoimba ni Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1958 mjini Brussels, na hapa historia inatufundisha somo chungu. Katika maonyesho hayo Wabelgiji walijenga kijiji cha Kikongo, wakawaweka ndani yake Waafrika wa kutazamwa wakifanya kazi za mikono. Watazamaji walisimama nyuma ya ua wa mianzi, na wengine wakawatupia sarafu na ndizi. Wale waliotazamwa walichoshwa na fedheha hiyo, wakarudi kwao kabla ya maonyesho kwisha. Tafakari, ewe msomaji: mji mmoja, mwaka mmoja, watu wa nchi moja. Upande mmoja Mwafrika alirushiwa ndizi kama mnyama. Upande wa pili watoto wa Kiafrika waliimba hata watu wa Ulaya wakanyamaza kwa staha. Santuri ile ni ushahidi wa upande huo wa pili, na kwa sababu hiyo pekee yastahili kuhifadhiwa.

Sasa tuihukumu. Nimepata vipimo vitatu, navyo vyaweza kumfaa mtu yeyote apimaye kazi ya namna hii: uzuri wa sauti, ukweli wa asili, na haki ya wenyewe.

Kwa uzuri wa sauti, santuri ya mwaka 1958 ina sifa na upungufu. Mitambo ya kunasa sauti ya siku zile haikuwa kama ya leo, na sauti za watoto si laini daima. Pengine hupanda kwa nguvu hata zikaparuza. Lakini sikiliza Kyrie. Kiongozi hutoa sauti kama mtu aitaye ng'ambo ya mto, na wengi humjibu kama watu waliokuwa wakingoja kuitwa. Kisha sikiliza Sanctus, inavyoanza taratibu, kama watu wasiotaka kuachana, hata Hosanna ichangamshe ngoma. Kazi nzima haifiki nusu saa, na ukiisha kuisikia huoni kwamba imepungua kitu.

Kwa ukweli wa asili, naipa alama za juu. Waliokuwa wakiimba mbolezi ile walikuwa watoto wa watu walioiimba misibani. Hawakujifunza huzuni yake kitabuni. Miaka ya 1960 misa iliandikwa kwa nota na kuchapishwa ili kwaya za nchi nyingine ziweze kuiimba. Nota ni msaada mkubwa, lakini nota huandika lile lililoimbwa siku moja, wala haziwezi kuandika lile ambalo lingeweza kuimbwa siku ya pili.

Kwa haki ya wenyewe, alama zinapungua. Misa hujulikana ulimwenguni kuwa ni kazi ya Padre Haazen. Yeye ana heshima yake, maana ndiye aliyewakusanya, akawasikiliza na kuwaamini, katika zama ambazo wamisionari wengi waliiona ngoma kuwa ni chombo cha shetani. Jina la mwalimu Joachim Ngoi nalo limehifadhiwa. Lakini wale wavulana 45, ambao vinywa vyao ndivyo vilivyoitunga nusu ya kazi, hujulikana kwa jina la mfalme ambaye nchi yao haikumchagua. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Siku kumi na moja baadaye Katanga ikatangaza kujitenga, na vita vikafuata. Sahani iliendelea kuzunguka duniani. Mwaka 1968 Sanctus ilisikika katika filamu ya Kiingereza ya Lindsay Anderson iitwayo If...., juu ya wanafunzi wa shule ya bweni walioasi, na filamu hiyo ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969. Mamilioni wakaijua sauti, wasiwajue wenye sauti.

Kuna santuri ya pili, na sisi wa Kenya hatuna udhuru wa kutoijua. Mwaka 1990 kampuni ileile ya Philips ilitoa Missa Luba iliyoimbwa na Muungano National Choir ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, pamoja na nyimbo za asili za Kenya. Hawa walikuwa watu wazima, wanaume kwa wanawake. Ukiziweka sahani hizi mbili pamoja, utaona kwamba kwa ulaini na upatano wa sauti Muungano wamewashinda wavulana wa Kamina: sauti zimejaa, mitambo ni bora, wala hakuna aparuzaye. Nilipokuwa nikitafuta jibu la mwanafunzi wangu, nilizisikiliza zote mbili usiku kwa usiku, na kwa siku kadhaa nilidhani kwamba ile ya pili ndiyo bora.

Kisha niliona jambo. Waimbaji wa Nairobi walikuwa na mfano mbele yao. Wale wa Kamina hawakuwa nao. Muungano wameipamba nyumba iliyokwisha kusimama, lakini waliochimba msingi ni watoto. Tena, palipo pazuri kabisa katika santuri ya Muungano, kwa sikio langu, ni pale wanapoimba kama watu wa Kenya, wala si pale wanapojitahidi kuwa Waluba. Basi hukumu yangu ni hii. Anayetaka kusikia kwaya iliyokomaa, na achukue sahani ya mwaka 1990. Anayetaka kusikia kitu kikizaliwa, na achukue ile ya mwaka 1958. Kama nikilazimishwa kubaki na moja, nitabaki na ya Kamina, pamoja na mikwaruzo yake.

Hapa Eldoret tuna sababu ya kulifikiri jambo hili kuliko wengi. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Kichungaji ya Gaba ilihamia mjini kwetu kutoka Uganda, na wanafunzi wake kutoka nchi nyingi za Afrika Mashariki wamejifunza namna ya kuiweka imani katika mila za watu. Leo ukipita penye makanisa yetu siku ya Jumapili utasikia kayamba na ngoma, na hakuna anayeshangaa. Jambo ambalo watoto wa Kamina walilifanya kwa ruhusa nusu, sisi tunalifanya kwa ruhusa nzima. Hatari yetu imegeuka. Wao walizuiwa kuleta maneno yao. Sisi hatuzuiwi na mtu, lakini huenda tukajizuia wenyewe kwa kuiogopa sahani.

Baada ya majuma mawili nilimwita yule mwanafunzi. Nilimwambia, "Wale wa kwanza hawakumwiga mtu. Waliimba kama walivyozoea kulia na kuagana kwao, na padre akawa na busara ya kutowazuia. Santuri ilinasa siku yao moja. Mimi niliwaadhibu ninyi kwa kufanya kama walivyofanya wao." Alinisikiliza akitazama chini, kisha akasema, "Asante, Mwalimu. Lakini kiongozi wetu kweli alipotea kidogo kwenye Hosanna." Tukacheka wote wawili. Niliwaendea waamuzi wenzangu nikawaomba turekebishe daftari: alama nne zikarudishwa, na moja ikabaki kwa ajili ya kule kupotea.

Ninyi mtakaokuwa walimu kesho, mtaketi siku moja katika kiti cha hukumu, na mbele yenu watasimama watoto wenye sauti zao. Ijueni santuri, mwijue na siku iliyotengenezwa, na walioimba, na waliokatazwa kusema. Kisha ifungeni, mpate kuwasikia watoto.